Namna ya kuangalia Le Mans za zamani ukaelewa kinachoendelea (anza na ya 1969)

Watu wengi wakifungua video ya zamani ya Le Mans, zile mbio za magari za saa 24 za Ufaransa, wanachoka haraka, wanaona magari yanazunguka tu alafu usiku unaingia hata hujui nani yuko mbele. Tatizo ni kwamba wanaangalia spidi. Hizi mbio usiangalie nani ana spidi, angalia nani anaitunza gari, ukishika hilo hutabanduka hapo.

Kwanza usianze na mwaka wowote tu, anza na 1969. Kawaida Le Mans ilikuwa inaanza saa 10 jioni Jumamosi lakini mwaka huo walianza saa 8 mchana kwa sababu Jumapili Wafaransa walikuwa na uchaguzi wa rais. Tazama vizuri ile starti. Enzi hizo madereva wanasimama upande mmoja wa barabara, bendera ikishuka wanakimbia kwenda kwenye magari upande wa pili, na wengi wanaondoka bila kufunga mkanda sawasawa maana kila sekunde wanaiona dhahabu. Sasa mtafute mmoja anatembea, anatembea kabisa wakati wenzake wanakimbia pembeni yake, huyo ni Jacky Ickx, Mbelgiji, miaka 24. Aliingia kwenye gari, akafunga mkanda taratibu, akaondoka wa mwisho. Alikuwa anapinga ule utaratibu, na raundi ya kwanza tu John Woolfe akafa kwenye Porsche 917 yake, alirushwa nje ya gari. Mwaka uliofuata kukimbia kukafutwa, madereva wakaanza wakiwa wameshakaa na mikanda imefungwa. Kwangu mimi ile hatua ya Ickx ni kubwa kuliko ushindi wowote aliopata, na alishinda Le Mans mara 6.

Pili, jifunze kutofautisha magari, na hapa rangi itakudanganya. Ile bluu ya mbingu na mstari wa machungwa ya Gulf, kampuni ya mafuta iliyodhamini timu, ilikuwa kwenye Ford GT40 1968 na 1969, alafu 1970 na 1971 timu ileile ikahamia Porsche 917 na rangi zake zilezile, kwa hiyo angalia umbo. GT40 ni fupi mno kwenda juu, mita moja na kidogo tu, na milango yake imekata mpaka kwenye paa. 917 ukiiona kwa juu nyuma ya dereva kuna feni kubwa imelala, kwa sababu injini yake ya silinda 12 inapoozwa kwa upepo, haina maji wala rejeta.

Tatu, ijue barabara. Huna haja ya kukariri kona zote, shika ile sehemu iliyonyooka ya Mulsanne, karibu kilomita 6, na miaka hiyo haikuwa na kona za kupunguza mwendo, hizo ziliwekwa 1990. Gari inapita kilomita 300 kwa saa alafu mwisho kuna kona kali ya kulia, breki zote zinaliwa pale, raundi baada ya raundi, mchana na usiku. Dereva anayejua anaachia mafuta mapema kidogo kabla ya ile kona, na asubuhi ndo utaona faida yake.

Usiku unaweza kuruka ruka kama bando lako dogo. Jua tu kwamba 917 ya Vic Elford na Richard Attwood, waliokuwa wanapokezana usukani, iliongoza muda mrefu sana, ikaja kufa upande wa giaboksi zikiwa zimebaki saa kama 3. Hapo ndo urudi ukae.

Saa ya mwisho usiruke hata dakika. Ickx yuko kwenye GT40 namba 6, gari ileile iliyoshinda 1968, wengi walishaiona imezeeka, na Hans Herrmann yuko kwenye Porsche 908 ya silinda 8 ambayo breki zimeshachoka. Wanapitana kila raundi. Ukitaka kuelewa kwa nini, angalia nani anaingia Mulsanne wa pili, maana wa mbele ndo anapasua upepo na wa nyuma anavutwa, kama mtu wa baiskeli aliyejibanza nyuma ya lori. Kuwa mbele mapema ni hasara. Raundi ya mwisho Ickx akamwachia Herrmann apite, akakaa nyuma yake, akachomoka kabla ya kona na hakurudi nyuma tena. Baada ya karibu kilomita 5,000 tofauti ilikuwa mita kama 120! Aliyeondoka wa mwisho, yeye na mwenzake Jackie Oliver, ndo wameshinda.

Ukimaliza hiyo nenda moja kwa moja 1970, mvua kubwa, magari 7 tu ndo yalihesabiwa kumaliza. Usihangaike na zile bluu za Gulf, zote zitakufa, na 917 za rangi hizo hazikuwahi kushinda Le Mans. Itafute nyekundu na nyeupe, namba 23, ndani kuna Herrmann aliyekosa kwa mita 120 na Attwood aliyefiwa na gari saa 3 kabla ya mwisho, safari hii wako pamoja, na ndo wakaipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla pale.