Kupima moyo kabla ya kuanzisha dawa za TB sugu

Naandikia wahudumu wenzangu wa Kisumu na pande zote za ziwa. Bedakwilini imeokoa wagonjwa wengi wa TB sugu, lakini huchelewesha umeme wa moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata. Kwenye ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ucheleweshaji huo huonekana kama muda wa QT uliorefuka. Ukirefuka kupita kiasi, moyo unaweza kuanza kupiga ovyo, mgonjwa akazirai au akafa ghafla.

Hatua ya 1: Dawa zote mezani. Usitosheke na kadi. Uliza: "Mama, wiki hii umenunua dawa gani dukani?" Aje na bahasha zake zote. Tafuta klofazimini, moksifloksasini, erithromaisini, flukonazoli, haloperidoli. Hata AL (artemetha-lumefantrini) ya malaria hurefusha QT kidogo, na huku kwetu malaria haikosi. Moja peke yake huenda isidhuru. Zikikutana ndipo hatari huongezeka.

Hatua ya 2: Damu. Pima potasiamu, magnesiamu na kalisi. Aliyehara au kutapika siku kadhaa, mrekebishe kwanza.

Hatua ya 3: ECG. Mlaze atulie. Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, kila mraba mdogo ni milisekunde 40. Kwenye mstari wa II, hesabu tangu Q inapoanza hadi wimbi la T linapotua. Hesabu mwenyewe, hata kama mashine imechapisha jibu.

Hatua ya 4: Rekebisha QT kulingana na mapigo. Hapa ndipo pa kukaa makini. Mashine nyingi hutumia kanuni ya Bazett, ambayo hutia chumvi moyo ukienda mbio, na wagonjwa wetu wengi huja na homa au upungufu wa damu. Tumia ya Fridericia: gawa QT kwa kipeuo cha tatu cha RR, yaani muda kutoka pigo moja hadi linalofuata, RR ikiwa kwa sekunde. Tuseme QT ni miraba 10, yaani milisekunde 400, na mapigo ni 100 kwa dakika, hivyo RR ni 0.6. Bazett inatoa 516, na mgonjwa ananyimwa dawa. Fridericia inatoa 474: anafuatiliwa kwa karibu, lakini anatibiwa.

Hatua ya 5: Uamuzi. QT iliyorekebishwa ikipanda zaidi ya milisekunde 60 kuliko mwanzo, kagua tena dawa na potasiamu, kisha rudia ECG mapema. Ikivuka 500, simamisha dawa zinazorefusha QT na umpigie simu daktari wa TB sugu siku hiyohiyo. Bedakwilini hukaa mwilini miezi mingi baada ya kuachwa, kwa hivyo endelea kuuliza habari za bahasha.