Viza ya kufundisha China: karatasi gani itangulie, ipi ifuate

Mwaka wa masomo wa China huanza Septemba, kwa hiyo kuanzia Mei simu za walimu wenye ofa mkononi huwa nyingi. Wengi wameshaambiwa na wakala maneno yaleyale: njoo na viza ya biashara, ukifika tutakubadilishia. Mwalimu mwenzangu, usikubali. Viza ya kazi ya China inaanzia kwa mwajiri, inakuja kwako, na inakamilikia kwa polisi wa uhamiaji wa mji utakaofundisha. Ukiurukia mlolongo huo katikati, anayeumia ni wewe. Huu ndio utaratibu ninaoufuata ninapowasaidia walimu wa Tanzania, na Mkenya au Mganda naye atauelewa.

Hatua ya 1: Jua herufi ya viza yako

Viza za China hutambulika kwa herufi. L ni utalii, M biashara, F ziara za kitaaluma na kiutamaduni, X masomo, Z kazi. Ukisimama darasani na kulipwa mshahara, yako ni Z.

Sheria ya kuingia na kutoka nchini iliyoanza kutumika Julai 1, 2013 iko wazi. Mgeni anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15 juu ya faini hiyo. Anaweza pia kuondolewa nchini. Mwajiri hutozwa yuan 10,000 kwa kila mgeni aliyemwajiri kinyume cha sheria, jumla isizidi 100,000. Shule yenye fedha italipa na Jumatatu itafungua milango kama kawaida. Wewe utakuwa uwanja wa ndege.

Wanafunzi wetu walioko vyuoni huko nao wasikie hili: viza ya masomo haikupi ruhusa ya kufundisha chekechea mwishoni mwa wiki, hata kama mkuu wa chekechea anasema hakuna shida.

Hatua ya 2: Pima kama unastahili, kabla hujalipa hata shilingi

Kwa kawaida wanataka shahada ya kwanza, uzoefu wa kazi wa miaka 2, umri usiozidi 60, na usiwe na rekodi ya jinai. Hapo wengi wanapita. Kikwazo kiko kwenye masharti ya walimu wa lugha: kimsingi mwalimu mgeni anatakiwa kufundisha lugha mama ya nchi yake. Mwenye shahada ya ualimu au ya lugha, au leseni ya ualimu ya nchini kwake, anaweza kusamehewa ile miaka 2 ya uzoefu. Sharti la lugha mama linabaki palepale.

Kwa Mtanzania au Mkenya, maana yake ni kwamba ombi la kufundisha Kiingereza linaweza kukataliwa hata kama Kiingereza chako kimenyooka na umekifundisha miaka kumi. Nasema hivi kwa uchungu, maana nawafahamu walimu bora sana waliokwama hapo. Lakini milango mingine ipo. Mwalimu wa fizikia, hisabati au kompyuta katika shule ya kimataifa hapimwi kwa lugha mama. Na Kiswahili chenyewe kinafundishwa katika vyuo vikuu vya China, kikiwemo Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing na Chuo Kikuu cha Mawasiliano cha China. Huko sharti la lugha mama linakubeba.

Basi angalia cheo kilichoandikwa kwenye mkataba. Ukiona umeandikwa "mwalimu wa hisabati" au "ofisa masoko" na huku umeambiwa utafundisha Kiingereza, simama hapohapo. Kufanya kazi nje ya ile iliyotajwa kwenye kibali nako huhesabiwa ni ajira haramu. Viza halali haitakuokoa.

Hatua ya 3: Mchunguze mwajiri

Omba nakala ya leseni ya biashara au ya shule, na uulize kama anaruhusiwa kuajiri wageni. Uwe mwangalifu zaidi na vituo vya masomo ya ziada. Julai 2021 serikali ya China ilibana masomo ya ziada ya biashara kwa watoto wa shule na vituo vingi vikafungwa. Omba pia kuzungumza na mwalimu mgeni aliyepo pale sasa, umuulize swali moja tu: wewe uliingia na viza gani?

Kama kuna wakala katikati, awe na leseni ya wizara inayohusika na kazi. Kenya, orodha iko kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira.

Hatua ya 4: Andaa karatasi zako

Anza na majina. Pasipoti inasema Juma Ali Hamisi, shahada inasema Juma A. Hamisi, cheti cha kidato cha nne kinasema Juma Ally. Hapa nyumbani hakuna anayejali, lakini ofisa wa China anaona watu watatu. Nenda kwa wakili upate hati ya kiapo, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kabla karatasi nyingine yoyote haijagongwa muhuri.

Kisha tafuta cheti cha tabia njema cha polisi. Hiki kina tarehe, na kwa kawaida kikipita miezi 6 hakipokelewi, kwa hiyo usikikimbilie mapema mno. Shahada haichachi, ianze yenyewe.

Shahada na cheti cha polisi lazima vithibitishwe. Kwa vyeti vya Tanzania tumekuwa tukipitia Wizara ya Mambo ya Nje, kisha Ubalozi wa China Dar es Salaam. Tangu Novemba 7, 2023 China inatumia Mkataba wa Apostille, hivyo cheti kilichotolewa na nchi mwanachama, mfano Afrika Kusini au Uingereza, huthibitishwa hukohuko kilikotolewa na hakihitaji tena muhuri wa ubalozi.

Ongeza barua ya uzoefu yenye tarehe ya kuanza na kumaliza kazi, na fomu ya uchunguzi wa afya. Hakikisha muhuri wa hospitali umeikanyaga picha yako.

Hatua ya 5: Subiri barua ya mwajiri

Mwajiri atapeleka karatasi zako kwenye mfumo wa serikali, na zikikubaliwa atapewa Barua ya Taarifa ya Kibali cha Kazi cha Mgeni. Hiyo ndiyo unayoipeleka ubalozini kuombea Z. Isome kwa kidole: namba ya pasipoti, jina, jina la mwajiri, cheo. Jina la mwajiri likiwa tofauti na la kwenye mkataba, uliza, na usiende ubalozini mpaka upate jibu la maandishi. Tiketi usikate bado.

Hatua ya 6: Soma kibandiko cha viza ukikabidhiwa pasipoti

Herufi iwe Z. Kwenye idadi ya siku za kukaa utaona 000. Watu hushtuka wakidhani ni kosa, lakini ndivyo Z inavyoandikwa, kwa kuwa muda wako wa kuishi utapangwa baada ya kufika. Ukiona M na siku 30, umepewa viza ya biashara.

Hatua ya 7: Ukishatua

Kama hulali hotelini, andikisha makazi yako polisi ndani ya saa 24. Jiandae kupimwa afya tena, kisha mwajiri akamilishe kibali cha kazi. Ndani ya siku 30 tangu uingie uwe umeomba kibali cha ukaazi. Polisi watabaki na pasipoti na kukupa stakabadhi. Itunze, maana ndiyo utakayotembea nayo hadi pasipoti irudi.

Kibali hicho kimefungwa na mwajiri wako. Tuisheni ya Jumamosi katika shule nyingine haimo. Ukihama kazi, dai karatasi ya kufutiwa kibali kutoka kwa mwajiri wa zamani kabla hujaondoka kwake.

Mwenzi na watoto walio chini ya miaka 18 huomba viza ya S1. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vihakikiwe RITA (wakala wa serikali ya Tanzania anayesajili vizazi na ndoa) na kupitishwa Mambo ya Nje wakati bado uko nyumbani, ubebe na nakala mbili mbili za kila kimoja.