Jinsi ya kuhamisha katalogi ya spea kutoka kwenye CD kwenda kwenye kompyuta, isikuombe CD tena

Maduka mengi ya spea bado yana zile CD na DVD za katalogi (programu za kutafutia namba za spea), EPC ya Toyota, FAST ya Nissan na wenzake, zimejaa kwenye droo ya kaunta huku zinachubuka tu, mteja akija inatolewa, inaingizwa, inanguruma wee, halafu inarudishwa kwenye droo pamoja na nati na risiti za juzi. Laptop za siku hizi ndo kabisa hazina hata pa kuingizia. Kama duka lina diski yake halali na bado inasomeka, ifanyie hii kazi sasa hivi kabla haijagoma.

Kwanza angalia unahamisha diski ipi, maana watu wanahangaika kutwa nzima wakimaliza IST ya mteja haionekani. EPC ya Toyota iligawanywa kwa masoko: Japan, Ulaya, Marekani na Kanada, halafu General ambayo ndo inabeba Afrika, Arabuni na nchi nyingine nyingi. Gari iliyotoka Japan kwa mnada (IST, Noah, Probox, hizi zetu za kila siku) iko kwenye diski ya Japan, ila Hilux au Land Cruiser iliyonunuliwa mpya kwa ajenti au iliyopitia Dubai itafute kwenye General. Chesisi namba yenyewe inakuambia, gari ya soko la Japan haina ile VIN ya herufi na namba 17, ina kitu kama NCP60 kisha kistari kisha tarakimu 7, na kibati kipo chumba cha injini. Duka likiwa linauza vyote basi unahitaji diski zote mbili, hakuna njia ya mkato hapo.

Sasa kazi. Wengi wanaingiza CD, setup, next next finish, basi. Mimi nasema usiinstoo kutoka kwenye diski kabisa, kwanza itengenezee faili la ISO, yaani nakala kamili ya diski ndani ya faili moja, diski yenyewe ifungie mahali pasafi, halafu kila kitu kingine ukifanye kutoka kwenye hiyo ISO. Laptop haina draivu? Nunua au azima DVD draivu ya nje ya USB, utaihitaji kwa hii hatua moja tu.

Programu ya bure inayofanya hiyo kazi vizuri ni ImgBurn, ila wakati wa kuiinstoo soma kila ukurasa usije ukaingiziwa takataka nyingine pembeni. Futa diski kwa kitambaa laini ukivuta kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe, mkwaruzo wa mzunguko unaua data kuliko ule wa kukata kutoka ndani kwenda nje. Iingize, chagua "Create image file from disc", na pale kwenye Read Speed usiache MAX, weka 8x au hata 4x kama diski imechoka, itachelewa lakini itasoma. Ikikwama sehemu moja inarudia rudia, iache kwanza, na ikishindikana kabisa jaribu diski hiyohiyo kwenye draivu nyingine kabla hujaitupa, kuna draivu zina macho makali kuliko zingine. Usikubali kuruka sehemu mbovu halafu ujidanganye umemaliza, kwasababu katalogi itafunguka vizuri tu ila siku moja unatafuta bushi za gari fulani na picha haiji. Ukimaliza rudi ImgBurn uchague Verify ulinganishe diski na faili lako.

CD ni kama MB 700 hivi, DVD ya kawaida GB 4.7, ya tabaka mbili 8.5. Hapa kuna kitu kinasumbua sana watu: ISO ya DVD mara nyingi inazidi GB 4, ukitaka kuiweka kwenye flashi inakuambia faili kubwa mno wakati flashi ina GB 32 tupu! Flashi ni nzima, imefomatiwa FAT32 na FAT32 haipokei faili la kufika GB 4. Toa vilivyomo, ifomati exFAT au NTFS, yameisha.

Majina ya faili yaandike yaeleweke, soko, mwezi na mwaka wa toleo, namba ya diski. Diski 1, diski 2, usiite "new new final".

Kwenye Windows 10 na 11 ISO unaibonyeza mara mbili tu inajitokeza kama draivu, lakini ukizima kompyuta inapotea na kesho ukiirudisha inaweza kuja na herufi nyingine, na hapo ndo mzizi wa matatizo mengi. Hizi katalogi za zamani wakati wa kuinstoo zinakariri herufi ya draivu. Uliinstoo ikiwa E:, kesho kuna mtu kachomeka flashi ikachukua E:, ISO ikaenda F:, programu inaanza kulia "insert disc" wakati diski ipo palepale. Dawa yake ni WinCDEmu, ya bure pia, yenyewe inakuuliza unataka herufi gani na ina sehemu ya kutiki draivu ibaki hata baada ya kuzima. Chagua herufi ya mbali, mimi napenda K: kwenda mbele, ambako flashi hazifiki. Fanya hivi KABLA ya kuinstoo, sio baada.

Ndo uingie kwenye K: sasa, tafuta setup, bonyeza kitufe cha kulia cha maus, Run as administrator. Ikiuliza pa kukaa usiipeleke Program Files, tengeneza folda yako C:\KATALOGI, kwasababu programu za zamani zinapenda kuandika ndani ya folda zao na Windows haitaki hilo ndani ya Program Files. Halafu kuna ukurasa wengi wanaupita mbio, ule wa Typical au Full. Kwenye nyingi Typical inaweka programu tu, data inabaki kwenye diski, Full inamwaga kila kitu kwenye hard disk ya kompyuta. Nafasi ikiwepo chukua Full, hata utafutaji unakuwa mwepesi zaidi.

Njia nyingine ni kukopi mafaili yenyewe badala ya ISO, na kama programu haina longolongo inakubali. Fungua Command Prompt andika robocopy E:\ C:\KATALOGI\D1 /E /A-:RSH (E: ni herufi ya diski yako), hayo ya mwisho yanaondoa alama ya kusomwa tu ambayo faili la CD linakuja nayo, bila hivyo utapata makosa ya ajabu ajabu. Kisha subst K: C:\KATALOGI\D1 na folda inajifanya draivu. Ila subst inafutika ukizima, kwahiyo iweke kwenye faili la .bat ndani ya folda ya Startup, na ujue programu uliyoifungua kama administrator haiioni hiyo K: mpaka uandike subst kwenye Command Prompt ya administrator pia. Na katalogi ikiwa inakagua jina la diski subst haitafaa, rudi kwenye ISO.

Ikigoma na kusema "This app can't run on your PC", mara nyingi setup ni ya biti 16 na Windows ya biti 64 haina uwezo nayo hata ufanyeje, usipoteze muda na mipangilio ya Compatibility. Weka VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya yako, ndani yake Windows XP kama una leseni yake, RAM ya MB 512 hadi GB 1 inatosha, ISO unaichomeka pale kwenye Storage. Hiyo XP usiipe intaneti, Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Maandishi yakija vibox vibox au alama za kuulizia, hasa katalogi za soko la Japan, nenda Control Panel, Region, Administrative, Change system locale, chagua Japanese, zima uwashe.

Diski nyingine zina kinga ya kuzuia kukopi au kile kidude cha USB cha leseni, hizo ongea na aliyewauzia. Zile "zimeshavunjwa tayari" zinazouzwa mtaani achana nazo, nusu yake zinakuja na virusi na kompyuta ya kaunta ndo ina madeni ya wateja wote.

Kujaribu kama imekaa sawa, usitosheke na kuona imefunguka. Chukua boksi la pedi za breki orijino za gari unayoijua lililopo kwenye shelfu, ingiza chesisi ya gari hiyo, fika kwenye breki za mbele. Pati namba za Toyota ni tano kistari tano, na pedi za mbele zinaanza na 04465. Linganisha na lebo ya boksi. Tarakimu za mwisho zikitofautiana sio lazima katalogi imekosea, namba zinabadilishwa na toleo lako lina tarehe yake. Fungua na picha kadhaa za bodi, taa, injini, maana picha mara nyingi ziko kwenye folda tofauti na maandishi.

Kompyuta ya pili usiihamishie ile folda iliyoinstoliwa, haitafunguka, mipangilio mingine ipo kwenye rejista ya Windows. Leseni ikiruhusu, peleka ISO, weka WinCDEmu na herufi ileile, instoo upya.