Somo: Ishara ya sodiamu kwenye MRI (mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili) hupotelea wapi

Swali ni lile lile: "Nikipima sodiamu ya ubongo, mbona napata milimoli 24 kwa lita na vitabu vinasema karibu 40?" Nimechoka kulijibu mmoja mmoja, kwa hivyo someni hapa.

Hatua ya 1. Tumia koili (antena ya kupokea ishara) ya sodiamu, ile ya kawaida ya haidrojeni haitaisikia. Kwenye sumaku ya tesla 3 haidrojeni huitika kwa megahezi 127.7, sodiamu kwa 33.8.

Hatua ya 2. TE, yaani muda tangu mpigo wa redio hadi kuanza kusoma, iwe chini ya milisekunde 0.5. Ndani ya tishu, kiini cha sodiamu husukwasukwa na umeme wa molekuli jirani, na ishara yake hufifia kwa kasi mbili: asilimia 60 huzimika kwa milisekunde chache tu, 40 iliyobaki hudumu 15 hadi 30. Mwaka 1965 Freeman Cope alikosa sehemu kubwa ya sodiamu ya misuli, akaamini imefungwa mahali. Kumbe ilikuwepo, ila ilizima kabla ya kusomwa. Chukua T2, yaani muda wa kufifia wa kila sehemu, za milisekunde 3 na 20, upige hesabu: kwa TE 0.3 unabaki na asilimia 94, kwa TE 3 unabaki na 57.

Hatua ya 3. Soma data kuanzia katikati kwenda nje, si mstari kwa mstari, ndipo TE iweze kuwa fupi hivyo.

Hatua ya 4. Chupa za rejea, yaani zenye sodiamu ya kiasi unachokijua, za kulinganishia. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Usitumie maji ya chumvi matupu! Ishara yake hufifia polepole, T2 yake ni kama 55. Kwa TE 3 chupa hupoteza asilimia 5 na ubongo 43, kisha unalinganisha viwili hivyo kana kwamba ni sawa. Ile 24 yako imetoka hapo. Tengeneza jeli ya agari (unga wa mwani unaogandisha maji), ambayo ishara yake hufifia haraka zaidi, karibu na ya tishu: gramu 2.92 za chumvi ya maabara kwa lita ukitaka milimoli 50. Agari lazima ichemke, na ikichemka maji hupungua, chumvi inakolea. Pima uzito wa chupa kabla na baada, urudishe maji yaliyopotea kabla jeli haijaganda.

Hatua ya 5. TR, yaani muda kati ya mpigo mmoja na unaofuata, isipungue milisekunde 100, ili ishara ipate kurudi.

MASWALI

Wa Kisauni: Mwalimu, TE yangu ni 3. Nizidishe jibu kwa namba gani?

Jibu: Hatua ya 2 umeisoma? Gegedu na ubongo havififii sawa, na ugonjwa hubadilisha pia. Namba moja haipo. Fupisha TE.

Mwanafunzi, Likoni: Samahani mwalimu, mwani wa Kibuyuni hauwezi kutupa jeli? Agari ya maabara ni ghali.

Jibu: Swali zuri sana, dada. Mwani unaolimwa kule hutoa karajinani. Agari hutoka kwa jamii nyingine, kama Gracilaria. Karajinani ina chaji hasi nyingi, nayo huja na sodiamu au potasiamu yake, kwa hivyo hutajua chupa ina milimoli ngapi. Lakini ukiweza kupima sodiamu yake kwanza, jaribu, kisha utuletee T2 zake. Nitafurahi kuziona.

Wa Tudor: Niongeze moja. Chumvi kwa unyevu wetu huu wa pwani hunyonya maji ikiwa mkebe u wazi. Ikausheni kwenye oveni kabla ya kupima.

Jibu: Shukran kaka. Na ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, la sivyo itanyonya tena mezani.