Ukitaka kuandaa sala ya pamoja na Waanglikana

Kaka yake bibi alikuwa Mwanglikana. Siku ya kumzika, bibi alibaki nje ya kanisa lao, chini ya mwembe, kwa sababu Mkatoliki wa enzi hizo hakuthubutu kusali nao. Mwaka 1928 Papa Pio XI alikuwa amekataza Wakatoliki kushiriki mikutano ya umoja na madhehebu mengine. Kwa ajili ya mwembe ule, kila Januari naandaa sala hii hapa Masasi, na nieleze ninavyofanya.

Nenda kwa paroko kwanza, kisha kwa wazee wa jumuiya. Hao wazee usiwapite. Walifundishwa kukaa mbali, na wengi hakuna aliyerudi kuwaeleza kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wetu Wakatoliki, Novemba 21, 1964, katika hati yake ulitamka kuwa kuombea umoja pamoja na Wakristo wenzetu kunaruhusiwa, tena kunatamanika. Mimi huwasimulia ya Machi 1966: Papa Paulo VI alivua pete yake akampa Michael Ramsey, Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana. Pete wanaielewa upesi kuliko hati.

Juma la kuombea umoja ni Januari 18 hadi 25. Mvua zinanyesha na watu wako shambani, basi panga saa kumi jioni.

Kazi yenyewe iko kwenye Baba Yetu. Sisi tunasema "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike". Wenzetu wanasema "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe". Sisi "kishawishi", wao "majaribuni". Msipopatana mapema, sala aliyotufundisha Bwana ndiyo itakayowatenganisha midomoni. Kaeni na kasisi wao na mwalimu wa kwaya, mchague: ama kila upande usali kwa maneno yake, mmoja baada ya mwingine, ama mtumie ya wenyeji wa kanisa mliloingia. Mimi napenda la pili. Mgeni hufuata mlio wa ngoma ya mwenyeji.

Ekaristi, yaani kushiriki komunyo pamoja, msiiweke. Inauma, lakini hatujafika hapo, na kujifanya tumefika ni kudanganyana. Wekeni maji, kila mtu achovye mkono afanye ishara ya msalaba: ubatizo wao Kanisa letu linautambua.

Mwishoni kila upande utaje marehemu wa upande wa pili. Mimi huanza na kaka yake bibi.