Faini za barabarani Nairobi: lipa inavyosema sheria, si zaidi

Ukisimamishwa Thika Road, uliza kwanza kosa ni lipi, kisha ulilinganishe na kanuni za makosa madogo za mwaka 2016. Mwendo ndio unaokamua watu. Kuzidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa ni onyo tu. 6 hadi 10, shilingi 500. 11 hadi 15, 3,000. 16 hadi 20, 10,000. Omba kuonyeshwa kasi iliyosomwa, kwani kilomita moja tu, kutoka 15 hadi 16, inakugharimu 7,000 zaidi. Faini haifai kuwa kitega uchumi cha serikali, na hapo ndipo inapoelekea kuwa hivyo. Kushika simu ukiendesha ni 2,000.

Usimpe afisa pesa mkononi: hazifiki hazina na kesi haijafungwa. Ukiandikiwa notisi, kagua nambari ya gari, tarehe na mahakama kabla hujaondoka. Ukikosa kufika, waweza kutolewa hati ya kukamatwa. Ukikubali kosa, lipa kwa eCitizen, Pay Bill 222222, kwa nambari uliyopewa ya malipo hayo, na uhifadhi risiti. Kukana ni haki yako, ingawa wengi hukubali ili wawahi kazini.