Presi ya tani 20 kwa chaneli moja ya mita 6

Huku Wete, Pemba, msimu wa karafuu ukifika gari hazipumziki. Bushi za springi zinakwisha, beringi za magari ya ng'ombe zinalia, na kila mwenye chombo anakitaka jana. Bado naona mafundi wakipachika beringi kwa nyundo. Pigo la nyundo likipitia kwenye gololi linaacha vishimo katika njia yake, na beringi mpya inaanza kunguruma kabla ya wakati wake. Presi, yaani mashine ya kubonyeza kwa nguvu ya jeki, huisukuma taratibu, imenyooka. Fundi mwenye mashine ya kuchomelea na grenda anaweza kuijenga mwenyewe.

Nguvu inatoka kwenye jeki ya mafuta ya tani 20, ile ya kusimama wima. Mgandamizo wa mafuta yaliyofungiwa husambaa sawasawa kila upande. Mfaransa Pascal alilieleza jambo hilo katika karne ya 17. Chukua mfano: pistoni ndogo ina kipenyo cha milimita 10, kubwa 50. Eneo la kubwa ni mara 25 ya ndogo. Mpini ukizidisha nguvu mara 20, basi mkono unaosukuma kilo 40 unatoa kilo 20,000. Mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuzitoa tani hizo. Kwa hiyo jeki si tatizo. Kazi yote iko kwenye fremu, maana tani unazosukuma chini ndizo hizo hizo zinazoinua boriti ya juu.

Wengi huchukua chaneli (chuma chenye umbo la U) ya milimita 100 kwa kuwa ndiyo iliyopo. Nimepiga hesabu yake: nafasi baina ya nguzo sentimita 50, chaneli mbili kwa boriti, tani 20 katikati. Chaneli za 100 za chuma cha kawaida zitapinda na hazitarudi. Za 120 zinakaa ukingoni kabisa. Za 140, zenye mbawa (kuta mbili za pembeni) za 60 na mgongo (ukuta wa kati) wenye unene wa 7, zinabeba na kubakiwa na akiba. Nunua ya 140, hata kama itabidi usubiri meli ilete.

Urefu mmoja wa mita 6 unatosha. Kata nguzo mbili za sentimita 155, vipande vinne vya 62, viwili kwa boriti ya juu na viwili kwa meza, kisha viwili vifupi vya 14. Hivyo vifupi usivitupe, nitavirudia.

Simamisha nguzo migongo ikiwa nje, mbawa zikitazamana ndani. Kabla ya kuchomelea chochote, zibane pamoja na utoboe matundu ya pini zitakazobeba meza, kwenye mbawa za zote mbili, kila baada ya sentimita 15. Ukitoboa moja moja matundu hayatalingana na meza italala upande. Tumia drili, si moto wa gesi. Tundu la moto halitoki duara. Pini ziwe za milimita 30, na nazipenda zilizokatwa kwenye ekseli ya gari chakavu, kwa kuwa ni chuma kigumu. Nondo ya ujenzi usiitie hapa.

Boriti ya juu ni chaneli moja mbele ya nguzo na moja nyuma, migongo ikigusa nguzo. Shika kwanza kwa nukta nne za kuchomelea, pima kutoka pembe hadi pembe, na vipimo viwili vikilingana ndipo uchomelee pande zote, ukihama upande huu na ule ili joto lisivute fremu. Vijiti vya kuchomelea vikae pakavu. Hewa yetu ya bahari huvilowesha, na kijiti chenye unyevu hutoa mshono wenye vitundu. Mshono huu ndio unaoulinda uso wako.

Sasa vile vipande vya 14. Katikati ya boriti kuna pengo la sentimita 14. Bamba la milimita 20 peke yake likiziba pengo hilo litabonyea chini ya tani 20. Simamisha vipande viwili ndani ya pengo, mgongo kwa mgongo, uvichomelee kwenye chaneli zote mbili, kisha bamba lije chini yake. Hapo ndipo kichwa cha jeki kitakaposukuma. Kwenye meza pia kazi isikae juu ya bamba jembamba. Weka matofali mawili ya chuma kizima, kisicho na uwazi ndani, yenye unene wa milimita 50. Chuma cha kusubu kisitumike, kinapasuka bila onyo.

Jeki isigeuzwe kichwa chini. Ikigeuzwa, pampu inavuta hewa badala ya mafuta. Isimamishe wima juu ya bamba zito linaloteleza baina ya nguzo, na chini ya bamba hilo uchomelee kipande cha shafti nene: hicho ndicho kinachobonyeza kazi. Springi mbili kutoka boriti ya juu zilishike bamba, ili ukifungua valvu lipande na kuirudisha pistoni ndani.

Siku ya kujaribu, funga uzi ulionyooka kando ya boriti. Pampu jeki kidogo kidogo, fungua valvu, tazama. Boriti isiporudi kwenye uzi, usiendelee.

Beringi ikiingia kwenye shafti sukuma ringi ya ndani; ikiingia kwenye nyumba yake (tundu inamokaa), sukuma ya nje. Ikikataa kutoka, usizidi kupampu huku umeiinamia: chuma cha beringi kikipasuka kinaruka kama risasi. Weka bamba la kinga mbele, vaa miwani, simama pembeni.

Jeki ijazwe mafuta ya jeki. Mafuta ya breki huharibu mpira wake. Na kwa sababu ya chumvi ya huku, kila jioni fungua valvu pistoni irudi ndani, na pini uzipake grisi.